Castlemorton 1992: wiki iliyofunga uwanja wa reivu

Waingereza waliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambao leo wamepita miaka 50, wakikutana wana kilio kimoja: muziki wa siku zile haupo tena. Wakisema siku zile wanakusudia reivu, yale makesha ya muziki wa mashine yaliyopigwa kwenye maghala matupu, viwanja vya ndege vilivyoachwa na malisho ya vijijini. Muziki huo naupenda kwa dhati, na huzuni yao naiamini. Ila nadhani wanalilia kitu ambacho hakijafa. Nyimbo zenyewe zipo, zinapigwa kila wikiendi, na vijana waliozaliwa mwaka 2005 wanazicheza. Kilichopotea ni uwanja usio na lango, na kupotea kwake kuna mahali, kuna tarehe, na kuna namba ya kifungu cha sheria. Kisa kinachoonyesha hayo vizuri kuliko vyote ni cha malisho ya Castlemorton, Mei 1992.

Castlemorton Common iko kaunti ya Worcestershire, magharibi mwa Uingereza, chini ya vilima vya Malvern. Ni ardhi ya malisho ya pamoja. Wanakijiji wana haki ya tangu enzi ya kulisha mifugo yao pale, na mtu yeyote anaweza kutembea juu ya majani yale bila kuomba ruhusa. Hakuna ukuta, hakuna uzio wa kusema, hakuna mtu wa kukata tiketi. Hilo la kutokuwa na uzio lishike, kwa sababu kesi nzima inazunguka hapo.

Walioingia pale walitoka kwenye makundi mawili ambayo miaka michache kabla yake yasingesalimiana.

Kundi la kwanza ni watu waishio kwenye magari. Mabasi makuukuu, malori ya jeshi yaliyonunuliwa mnadani na kupakwa rangi, watoto, mbwa na majiko ya kuni. Hawa walikuwa na desturi ya sherehe za bure za kiangazi, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya Stonehenge, penye duara la mawe ya kale, iliyofanyika kila mwaka kuanzia 1974 hadi 1984. Tarehe 1 Juni 1985 polisi waliuzuia msafara uliokuwa ukielekea huko, wakavunja vioo vya magari na kuwapiga watu, wenye watoto na wasio na watoto. Tangu siku hiyo watu wa magari wakawa wanafukuzwa kutoka kaunti hadi kaunti.

Kundi la pili ni vijana wa mjini. Muziki wao ulizaliwa Marekani, mikononi mwa watu weusi. Hausi ilitoka Chicago, kwenye klabu ambazo wengi wa wachezaji walikuwa mashoga weusi na Walatino, huku Frankie Knuckles akiwa kwenye mashine. Tekno ilitoka Detroit kwa Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Sauti ile ya kukwaruza iliyopewa jina la asidi ilitoka kwenye kimashine cha Roland kiitwacho TB-303, ambacho kilitengenezwa kimsindikize mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Hakikununuliwa, kikaacha kutengenezwa, na vijana wa Chicago wakakiokota kwa bei ya mtumba. Baada ya vijana wachache wa London kurudi kutoka Ibiza, kisiwa cha Hispania chenye klabu za usiku, kiangazi cha 1987, Danny Rampling alifungua klabu ya Shoom kwenye ukumbi mdogo wa mazoezi ya viungo kusini mwa London. Kufikia kiangazi cha 1988 moto ulikuwa umeshika.

Mwaka 1989 makesha yakatoka mjini. Kipeperushi kilikuwa na namba ya simu badala ya mahali. Usiku ukipiga unasikia sauti iliyorekodiwa inakwambia nenda kituo fulani cha mafuta pembeni ya barabara kuu ya M25, ile inayoizunguka London. Ukifika unakuta mamia ya magari yamejaa, madirisha wazi, kila mmoja anasubiri simu inayofuata. Polisi wakitega pale, msururu umeshahamia kwingine. Mwezi Juni mwaka huo, kwenye uwanja wa ndege mdogo wa White Waltham, walikusanyika watu wapatao 11,000.

Hapa lazima niwakate kidogo wenye kumbukumbu tamu. Makesha yale ya M25 yalikuwa biashara. Tiketi ziliuzwa, mapromota walitajirika, na mmojawapo wa wakubwa wao, Tony Colston-Hayter, hakuwahi kuona haya kusema kwamba yeye ni mfanyabiashara. Anayesema reivu ya mwanzo ilikuwa ya bure yote amechanganya mambo mawili. Ya bure ilikuja baadaye kidogo, na sheria ndiyo iliyoisukuma. Mwaka 1990 mbunge Graham Bright alipitisha sheria ya kupandisha adhabu ya kuandaa burudani bila leseni hadi faini ya pauni 20,000 na kifungo cha miezi sita. Mapromota wakapiga hesabu na kuingia klabu zenye leseni. Wale ambao hawakuwa na hesabu ya kupiga, wenye spika zao, jenereta lao na hamu, wakawafuata watu wa magari kwenye sherehe zao za porini. Hapo ndipo makundi mawili yakaonana. Mmoja ana ardhi, au tuseme ana ujuzi wa kuipata ardhi. Mwingine ana mziki, yaani spika na mitambo yake.

Msomaji wa Dar es Salaam atakuwa ameshaiona sura ya kigodoro hapa: mziki wa kukodi, spika zimepangwa hadi juu, watu wanacheza mpaka kunakucha. Tofauti ni kwamba kigodoro kina mwenyewe, kuna sherehe ya mtu nyuma yake. Kesha la bure la Waingereza halikuwa na mwenye shughuli, na hilo ndilo lililowachanganya polisi na baadaye waendesha mashtaka.

Sasa ile Mei. Watu wa magari walikuwa wakienda kwenye sherehe yao ya kila mwaka katika eneo la Avon. Polisi wa Avon na Somerset waliapa kwamba mwaka ule haitafanyika, wakaendesha operesheni waliyoiita Nomad, kazi yake ikiwa kuuzuia kila msafara usitulie. Msafara ukasukumwa kutoka kaunti moja hadi nyingine. Kila polisi alikuwa na lengo moja, kuutoa kwake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu la swali la mtoto mdogo: wakitoka hapa waende wapi? Ijumaa tarehe 22 Mei magari yakaanza kuingia kwenye majani ya Castlemorton, na yalipokwisha kuwa mengi kiasi kile hakukuwa na askari wa kutosha wa kuyatoa.

Wenye mziki wakafika. Spiral Tribe, vijana wa nguo nyeusi na vichwa vilivyonyolewa, walipiga tekno ngumu isiyokatika usiku na mchana. DiY wa Nottingham walipiga hausi laini zaidi. Bedlam na Circus Warp walikuwa na kambi zao. Kisha televisheni ikaonyesha picha kwenye taarifa ya habari na kutaja mahali. Kijana wa Birmingham au Bristol ambaye hakuwa na kipeperushi wala namba ya simu akajua pa kwenda, na ilikuwa wikiendi ndefu yenye Jumatatu ya mapumziko. Makadirio ya idadi yanaanzia 20,000 na kufika 40,000. Walikaa karibu wiki.

Ukitaka kujua kilichokuwa kitamu pale, angalia mahali alipokaa dijei. Kwenye kesha la bure spika zilipangwa kama ukuta, na watu walisimama kuuelekea ukuta. Dijei alikuwa pembeni au nyuma, kwenye meza chini ya turubai au ndani ya lori, usawa mmoja na wachezaji, na wengi hawakumwona wala hawakumjua jina. Hapakuwa na jukwaa, kwa hiyo hapakuwa na mbele. Zipo rekodi za kaseti za makesha ya aina hii ambazo zimekuwa zikiigwa na kugawiwa kwa zaidi ya miaka 30, na mimi huzisikiliza kwa ajili ya vitu vinavyosikika nyuma ya muziki: filimbi, mtu anacheka karibu na maikrofoni, upepo kwenye turubai, mdundo unaingia na umati unanguruma kama watu wa kijiji waliosikia goli. Kaseti ikifika mwisho wa upande, sauti inakatika katikati ya mdundo. Upande wa pili unaanza wimbo ukiwa umeshasonga mbele.

Lakini usingizi wa wanakijiji nao ulikuwa wa kweli, na siupendi uandishi unaowaruka. Usiku baada ya usiku madirisha yao yalitetemeka. Vichaka vyao viligeuzwa vyoo. Mbwa wa wageni walifukuza kondoo, na wafugaji walihesabu hasara. Mtu aliyelala siku sita ndani ya mdundo ambao hakuuomba ana haki ya kukasirika, na hasira yake haihitaji kutafutiwa chanzo cha kisiasa. Kosa langu na wapenda reivu wenzangu limekuwa kuwasimulia wenyeji hao kama wazee wachoyo wa furaha. Ardhi ya pamoja ilikuwa yao kwanza.

Spiral Tribe walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka. Walikamatwa njiani wakitoka, mziki wao ukachukuliwa. Watu 13 wakashtakiwa kwa kula njama ya kusababisha kero kwa umma. Kesi ilisikilizwa mjini Wolverhampton kuanzia Januari 1994, ikachukua wiki kumi hivi na kugharimu hazina ya nchi takriban pauni milioni 4. Ili watiwe hatiani ilibidi ithibitishwe kwamba wao ndio waliopanga. Sasa mpangaji angekuwa nani? Msafara ulisukumwa hadi pale na polisi wenyewe, na umati uliitwa na televisheni. Jopo la wananchi likasikiliza yote hayo, na Machi 1994 likawaachia huru wote.

Hukumu hiyo haikubadilisha kitu. Serikali ya Waziri Mkuu John Major ilikuwa tayari imeshapeleka bungeni muswada wa Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, na mwezi Novemba 1994 ukawa Sheria ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma. Kifungu cha 63 kilihusu mkusanyiko wa watu 100 au zaidi penye hewa wazi, wawe wameingia kwa ruhusa au bila ruhusa, wakipiga muziki wa spika usiku kwa sauti na muda wa kuwakera vibaya wenyeji. Polisi akiona watu wawili tu wanajiandaa, au kumi wanasubiri kesha lianze, anaweza kuwaamuru waondoke. Kifungu kinachofuata kinampa uwezo wa kuingia na kuchukua mitambo. Kinachofuata tena kinamruhusu kumrudisha mtu aliyeko umbali wa hadi maili 5 akielekea huko.

Kisha wabunge walitaka kuhakikisha kwamba hakuna wakili atakayesimama na kudai kelele ile si muziki. Wakaandika kwamba muziki ni pamoja na sauti ambazo kwa ukamilifu au kwa sehemu kubwa zinatambulika kwa mfululizo wa midundo inayojirudia. Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza nilisimama. Mfululizo wa midundo inayojirudia! Kwa tafsiri hiyo msewe umo, sindimba imo, chakacha imo, na kila ngoma iliyowahi kumtoa mwali ndani imo. Bunge la nchi liliangalia kitu cha kale kuliko vyote ambavyo binadamu amewahi kufanya na mikono yake na ngozi ya mnyama, likakiandika kama dalili ya uhalifu.

Wanamuziki walijibu. Kundi la Autechre lilitoa santuri mwaka huohuo, faida yake ikienda kwa shirika la haki za raia la Liberty. Kipande kimoja kilitungwa ili kusiwe na hatua mbili za mdundo zinazofanana, kwa hiyo hakingeweza kuitwa mdundo unaojirudia. Juu ya karatasi ya kufungia kulikuwa na onyo kwamba vipande vingine viwili visipigwe ikiwa muswada utapita, na ushauri kwa madijei wawe na wakili na mtaalamu wa muziki pembeni wakati wote, wa kuthibitisha iwapo polisi watawasumbua. Maandamano makubwa matatu yalifanyika London mwaka ule, mwezi Mei, Julai na Oktoba. La Oktoba liliishia kwa vurugu Hyde Park. Sheria ikapita.

Sehemu ya kifungu cha 63 ambayo watu huisahau ni ile ya msamaha, nayo kwangu ndiyo moyo wa kesi. Kesha lenye leseni ya burudani halikuguswa. Mdundo ni uleule, unaojirudia vilevile, usiku uleule, pengine kwa sauti kubwa zaidi. Likiwa na leseni ni halali. Na leseni haitoki bila mtu mmoja mwenye jina kuweka sahihi, na mwenye sahihi hawezi kukwepa bima, walinzi, vyoo, uzio na lango. Lango likishakuwapo, gharama zote hizo zinarudishwa na anayeingia. Hivyo ndivyo kiingilio kilivyozaliwa pale ambapo hakikuwapo. Mdundo haukupigwa marufuku hata siku moja. Kilichopigwa marufuku ni kutokuwa na mwenye shughuli.

Yaliyofuata ndiyo mandhari ambayo wenye umri wa miaka 50 wanaitazama na kusema muziki umekufa. Klabu kubwa zikageuka kampuni. Cream, iliyoanza 1992 kama usiku wa klabu Liverpool, ilianzisha tamasha la Creamfields mwaka 1998. Dijei akapandishwa jukwaani, jukwaa likawa na skrini, skrini ikataka uso. Umati uliokuwa ukielekea spika ukageuka kumwelekea mtu, na siku hizi mikono iliyo juu imeshika simu. Muziki wenyewe uligawanyika katika mitindo mingi, kuna wenye kasi na wa taratibu, wa giza na wa furaha, na mingi mizuri mno. Vijana weusi wa London waliivunjavunja midundo ya reivu, wakaichanganya na besi ya rege, na kupata kitu ambacho Castlemorton haikukijua. Kusema ubunifu ulikoma ni kuwadhulumu.

Spiral Tribe walivuka bahari. Ufaransa, karibu na mji wa Beauvais, walishiriki kuanzisha teknivali ya kwanza, yaani tamasha la bure la tekno, mwaka 1993, na mbegu ikaenda Ulaya nzima. Mwaka 2005 polisi wa Jamhuri ya Cheki walilivamia kesha la CzechTek kwa mabomu ya machozi na mizinga ya maji, mambo ambayo mtu wa Castlemorton angeyatambua. Uingereza kwenyewe makesha ya siri hayakukoma, ila yalipungua na kujificha. Mwaka 2020, wakati wa korona, yalipochipuka tena kwenye misitu na maghala, serikali iliweka faini ya pauni 10,000 kwa mwandaaji.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwapo, na serikali ya Uingereza ilishawahi kuipita. Mwaka 1974 polisi waliivunja kwa nguvu sherehe ya bure iliyokuwa ikifanyika kwenye bustani kuu ya Windsor. Kelele za lawama zilipozidi, mwaka uliofuata serikali yenyewe ilitoa uwanja wa ndege usiotumika wa Watchfield ili sherehe ifanyike huko, mbali na vitanda vya watu. Ilifanyika. Kwa hiyo mwaka 1992 kulikuwa na mfano wa miaka 17 tu nyuma: eneo tupu, maji, vyoo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Wanakijiji wa Castlemorton wangelala. Kondoo wangepona. Badala yake kaunti zilirushiana msafara mpaka ukaanguka mahali pasipo na choo hata kimoja, kisha madhara yake yakageuzwa ushahidi kwamba sherehe ya bure haiwezekani. Hilo siwezi kulisamehe kirahisi.

Nao waliobaki na kumbukumbu, naomba wazisafishe. Wengi walimeza dawa ya kulevya iitwayo ekstasi, na sehemu ya utamu wanaoukumbuka ulitoka kwenye kidonge. Wako waliokufa nacho, wengine wakiwa watoto wa shule. Wako waliosahau kabisa kwamba walikuwa wakicheza muziki wa watu weusi wa Chicago na Detroit, ambao pesa ya tamasha kubwa za leo haijawafikia inavyostahili. Kumbukumbu inayoacha hayo nje ni nyepesi.

Siku hizi kumbukumbu yenyewe ina lango. Msanii Darren Emerson ametengeneza kazi ambamo unavaa miwani ya uhalisia pepe na kuingia usiku mmoja wa 1989: umo ndani ya gari, kaseti inazunguka, mnatafuta kesha kando ya Coventry. Ni kazi nzuri, imetengenezwa kwa mapenzi. Unakata tiketi ya saa maalumu, unafungwa vifaa mgongoni ili usikie besi mwilini, na zamu yako ikiisha anavishwa mwingine.

Malisho ya Castlemorton yapo vilevile. Ng'ombe na kondoo wanalisha, na ukienda kutembea mchana hulipi kitu. Mwaka 2003 bunge liliishusha ile idadi ya watu 100 iliyo kwenye kifungu cha 63. Leo wakifika 20, ni usiku, wana spika na wenyeji wanakereka, ni mkusanyiko ambao polisi wanaweza kuutawanya na kuondoka na mziki.